Barua Isiyo na Mlima

Maubisse, Timor ya Mashariki
3 Machi 2024

Mjomba Tito,

Shikamoo. Na Mama Renatus mwambie shikamoo yake nimeiweka hapa, asije akasema nimemsahau. Mimi ni mzima, ila nimepungua, kwa sababu huku ni wali asubuhi, wali mchana, wali jioni, na tumbo langu bado linauliza ugali umekwenda wapi. Mvua za Gehandu zikoje? Maharage yameshika?

Naandika barua kwa sababu mtandao wa milimani huku unakuja ukipenda wenyewe, na hata ukija, wewe ukipigiwa simu kutoka mbali unapaza sauti mpaka ng'ombe wa jirani Gidamis wanageuka kukutazama. Basi turudi kwenye barua, kama nilipokuwa shule ya bweni Mbulu na wewe ukinitumia zako kwa kondakta wa basi. Kuna sista anayeshuka mjini Dili mara kwa mara, ataipeleka posta. Itafika lini sijui.

Siku ile stendi ya Katesh uliniuliza swali moja tu: "Hicho kisiwa kina mlima?" Nikasema sijui, mimi nakwenda kwenye kahawa. Sasa najua. Mjomba, kisiwa chote ni mlima uliozungushiwa maji. Kutoka Dili gari linapanda, linapanda, bahari inabaki chini nyuma yako, halafu baridi inaingia. Asubuhi wazee wanatoka wamejifunika mashuka mabegani, mikono ndani, wanasimama juani bila kusema neno. Siku ya kwanza nilipowaona nilisimama barabarani kama mjinga. Nilidhani nimefika Dongobesh.

Kahawa yao iko chini ya miti mirefu sana, mizee, na nyingine ilipandwa na wakoloni Wareno ikaachwa ikawa msitu. Kazi yetu ni kutembea shamba kwa shamba, tuone lipi linaweza kufufuliwa, halafu tuoteshe miche. Tunatembea kutwa. Wenzangu wawili wa mjini wanalalamika miguu. Mimi silalamiki. Baltazar, mkulima anayetuonyesha njia, aliniuliza nilijifunzia wapi kupanda. Nilimwambia nina mjomba.

Sikumweleza yote. Sikumweleza kwamba wiki ile tulipomzika Mama, watu wakiwa bado wamejaa uani, ulinichukua alfajiri ukanipandisha Mlima Hanang, na mashangazi wakakusema. Nilikuwa darasa la tatu. Kule juu ulinipa kiazi kitamu cha kuchemsha, ukakaa upande wa upepo ili usinipige mimi. Tuliangalia Ziwa Balangida mpaka kiazi kikaisha, tukashuka, na tangu siku hiyo nikawa mtoto wa nyumba yako.

Mlima mkubwa wa huku unaitwa Tatamailau. Nitaupanda mvua zikikatika. Nitakuandikia.

Wako anayekukumbuka,
Judica


Gehandu
29 Aprili 2024

Judica binti yangu,

Marahaba. Barua yako imefika Jumatano, imekunjika pembe lakini nzima. Mama Renatus kaipokea shikamoo yake, kasema umepungua kwa sababu huli, wala wali hauna kosa. Renatus yuko Babati na gari lake la mizigo, anakuja Jumapili moja moja. Gidamis anakusalimu. Anauliza hao watu wa kisiwani wanafuga nini. Nimemwambia samaki, kaondoka akitikisa kichwa.

Mvua imekuwa nyingi, maharage yameoza bondeni, mahindi yamesimama. Tangu yale maporomoko ya Desemba watu wa Katesh wanautazama mlima kama mtu aliyewageuka. Siwalaumu, wamezika. Lakini mimi siwezi kuuchukia, nimeupanda tangu sijaota ndevu. Wageni wamekuwa wachache. Wiki iliyopita nilipandisha wawili, mke na mume, kutoka Polandi. Mume alichoka kwenye nyasi, mke akafika. Kule juu palikuwa peupe, Balangida imejaa, inang'aa kama bati jipya. Nilikaa pale tulipokula kile kiazi.

Huo mlima wako, niambie: maji ya mwisho njiani yako wapi? Msitu unaishia wapi? Upepo wa asubuhi unatoka upande gani? Usipande kabla hujayajua hayo.

Jambo jingine. Umeandika habari za watu wengi, lakini jina umetaja moja.

Mimi mjomba wako,
Tito Akonaay


Maubisse
16 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nikaisomea barua yako chini ya mti, na watoto wa shule wakaja kusikiliza Kiswahili. Poleni na maharage. Mimi nilikuwa na homa kidogo, imekwisha.

Nimepanda Tatamailau. Maji ya mwisho ni kijito kimoja pale miti inapoanza kupungua. Baada ya hapo ni nyasi na mawe, na upepo wa asubuhi unatoka kusini. Unaona nimekusikiliza. Kileleni kuna sanamu ya Bikira Maria. Tulifika jua likichomoza. Mjomba, ukisimama pale unaiona bahari upande huu na bahari upande ule. Nilitamani uwe umesimama pale, hata kama ungekaa kimya kama kawaida yako.

Kisha tulishuka pwani ya kusini kuona mashamba ya mwisho ya kahawa, na kazi ilipoisha tukaenda mpaka majini. Ni pwani isiyo na hoteli, isiyo na kibanda, isiyo na mtu. Mchanga mweusi, mikaratusi mpaka karibu na maji, na nyayo zetu peke yake. Nikavua viatu. Baltazar akanishika mkono akanirudisha nyuma, akasema, "Hapa pana babu." Nikatafuta mzee simuoni. Akanionyesha mchangani alama kama ya gogo lililoburutwa. Kumbe ni mamba, mamba wa maji ya chumvi. Wanasema kisiwa chao chenyewe zamani kilikuwa mamba, kwa hiyo hawamtaji hivihivi, wanamwita babu. Tulikaa mbali juu ya jiwe tukila mahindi ya kuchoma. Mahindi yao ni madogo kuliko yetu, lakini ladha ilikuwa ile ya nyumbani, na nikajikuta namweleza mambo ya Gehandu mpaka jua likahama.

Umeuliza jina. Baltazar ni mkulima tu. Ana shamba la baba yake na anaishi na mama yake, Mama Angela. Anaimba sauti ya nne kanisani. Basi.

Judica


Gehandu
11 Agosti 2024

Judica,

Marahaba. Sisi tupo. Mama Renatus ametengeneza jiko jipya, anajivuna nalo. Mbaazi zimekubali.

Nimesoma habari za mlima mara mbili na za mamba mara moja. Mtu akikurudisha nyuma usiliwe, huyo ni mtu. Lakini umeandika "mkulima tu" na "basi" kwenye mistari mitatu. Nimekulea mimi.

Mwezi wa saba mwiba ulinichoma chini ya kidole cha mguu nikishuka na wageni. Si kitu, ila kidonda kimegoma kufunga, basi nimewapa vijana wa njia ya Jorodom wageni wangu kwa sasa. Mlima haukimbii.

Nikiwa nimekaa hapa nyumbani nawaza mambo ya zamani. Mama yako Hilda alipokuwa msichana akitoka kuchota maji alikuwa akisimama njiani kutazama mlima mpaka ndoo inainama kichwani inammwagikia mgongoni. Mama yetu anamgombeza, na yeye anasema, "Nilikuwa naangalia kama kuna mtu kule juu." Hakuwahi kupanda. Wakati ule wasichana hawakupandishwa. Ndiyo maana nilikupandisha wewe, na mashangazi waliponisema sikuwajibu. Hilo sijakwambia kwa mdomo, nimeona nikuandikie.

Kula vizuri.

Tito


Maubisse
22 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo sana. Nimelia kwa habari ya ndoo ya Mama. Asante. Kidole kimepona? Usitumie yale majani ya Gidamis, nenda hospitali.

Mavuno yamekwisha. Barabara yote ilikuwa nyekundu kwa kahawa, kila nyumba na turubai lake, na harufu mpaka ndani ya nguo. Wakubwa zangu wamesema mkataba wangu wanaweza kuuongeza. Bado sijajibu.

Sasa niseme. Baltazar ameniomba nimuoe. Huku wanasema hivyohivyo kwa mwanamume na mwanamke, nami nimeicheka hiyo lugha. Alikuwa juu ya mti wa kivuli anapunguza matawi, akaniuliza akiwa hukohuko juu. Nikamwambia, shuka kwanza. Akashuka akauliza tena.

Nimemwambia jibu langu liko Gehandu. Mama Angela amefurahi kusikia hivyo. Kwao mtu haoi msichana, anaoa kwenye ukoo, na ukoo lazima uje ukae mkekani utazamane na ukoo. Kila siku ananiuliza, "Watu wako wanakuja lini?" Mjomba, watu wangu ni wewe. Njoo. Mradi wetu wa kahawa utasaidia vibali na safari, Renatus atakupeleka kwenye pasipoti. Njoo Januari au hata Juni. Nitakupandisha Tatamailau mimi mwenyewe, na safari hii mimi ndiye nitakayekaa upande wa upepo.

Nasubiri.

Judica


Gehandu
1 Desemba 2024

Judica,

Marahaba. Hapa hatujambo. Ng'ombe mwekundu anakaribia kuzaa, siwezi kumwacha. Tumelima mapema mwaka huu, mahindi yanahitaji palizi. Bei ya mbaazi ilikuwa nzuri. Paa la jikoni lilivuja, Renatus amelitengeneza. Padri mpya amekuja, anahubiri kifupi, watu wamempenda.

Habari ya kijana nimeipata. Ni jambo la kufikiriwa. Safari ya kuja huko ni ndefu, na mambo ya pasipoti ni ya watu wa mjini. Naona mwaka huu haitawezekana. Labda hata mwakani.

Msalimie mama wa kijana.

Mjomba wako,
Tito


Maubisse
19 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua. Hongera kwa ng'ombe, bila shaka ameshazaa.

Nimeisoma barua yako mpaka nimeikariri. Ina ng'ombe, ina mbaazi, ina paa na padri. Haina mlima. Tangu nijue kusoma hujawahi kuniandikia barua isiyo na mlima. Hata ile ya msiba wa Babu ilikuwa na mlima.

Kwa hiyo nimeelewa. Kama humtaki Baltazar, ungeniambia wazi, kama ulivyokuwa unaniambia kila kitu. Kwamba ni mgeni, kwamba ni mbali, kwamba hatujui kwao. Yote hayo nimeshajiambia mwenyewe. Ila kuniambia habari ya palizi, Mjomba, hapana.

Mama Angela ameniuliza tena leo. Nimemwambia njia ni mbovu.

Judica


Maubisse
9 Machi 2025

Mjomba wangu Tito,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Juzi nilishuka Dili kuchukua mbegu, simu ikashika mtandao, Renatus akapiga. Tuliongea ya kawaida. Halafu akasema, "Mzee sasa anajaribu kutembea na magongo, lakini hataki watu wamwone." Nikauliza magongo ya nini. Akasema, "Dada, wewe si ulijua?"

Tangu Oktoba. Mguu umekatwa chini ya goti tangu Oktoba, na wewe mnamo Desemba unaniandikia habari ya paa la jikoni. Renatus amesema ni ugonjwa wa sukari, kwamba kidonda cha ule mwiba kilikuwa kimeoza ndani na hukusikia maumivu. Amesema uliwakataza wote kuniambia, hata Gidamis ulimkataza, na Gidamis hana hata simu.

Barua yangu ya Januari iko njiani na siwezi kuirudisha. Ikifika usiifungue. Au umeshaifungua. Nisamehe kwa kila neno lililomo.

Nilirudi Maubisse nikakaa kitaluni kati ya miche. Mama Angela alikuja akakaa karibu yangu chini, akaanza kung'oa magugu kwenye vifuko, kimoja baada ya kingine, mpaka giza likaingia.

Mjomba, narudi nyumbani. Nitawaandikia wakubwa zangu wiki hii. Baltazar nimemwambia, amesema nifanye ninachoona ni sawa, akaenda shambani, na siku mbili sijamsikia akiimba. Nitakuja nikae na wewe. Chumba changu kipo.

Judica


Gehandu
27 Aprili 2025

Judica mwanangu,

Marahaba. Barua zako mbili zimefika siku moja, posta ndivyo walivyo. Nimefungua ile ya hasira kwanza. Nilistahili.

Mama Renatus hajambo, ila ameninunia tangu ajue kwamba umejua, anasema alikuwa ameniambia nisikufiche. Ni kweli alikuwa ameniambia.

Sasa nikueleze mwenyewe. Daktari alikuwa kijana, mpole. Alisema, "Mzee, mguu huu tukiuacha utakuchukua mzima." Nikamuuliza kama nitapanda mlima. Akauliza mlima gani. Nikamwonyesha dirishani, siku hiyo ulikuwa wazi wote. Akatazama chini. Nikamwambia kata. Gidamis alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, manesi wamemfukuza amekataa. Nilipoamka alikuwa bado pale.

Barua yako ya kuniita ilifika nikiwa nimelala wodini. Mama Renatus alinisomea. Alipofika pale ulipoandika utanipandisha mlima, nilimwambia aache kusoma. Si kwamba simtaki kijana. Sijamkataa hata siku moja. Nilikaa nataka kukuandikia habari ya mlima, nikaona kalamu haiendi. Wewe umenijua mtu wa miguu. Huko uliko ulikuwa bado unaye yule mjomba, anapanda na wageni, anakula kiazi juu. Nilitaka ubaki naye kidogo zaidi. Na mimi kwenye barua zako nilikuwa bado ninatembea.

Judica, usirudi kwa ajili ya mguu. Mguu ulishazikwa, Gidamis ndiye aliyeuzika, na hakuniambia wapi. Kunipikia yupo Mama Renatus, kunibeba yupo Renatus, kunichokoza yupo Gidamis. Ukija ukakaa kitandani pangu na kunitazama, nitakuwa mgonjwa. Malizia miche yako. Na huyo kijana mwambie aimbe.

Tito


Maubisse
5 Oktoba 2025

Mjomba,

Shikamoo, na kwa Mama Renatus vilevile. Nimekutii, na haikuwa rahisi. Nafurahi Renatus ananipa habari zako, kwamba mguu wa bandia umefika na umeuweka nyuma ya mlango. Utoe huko.

Mimi ni mzima. Miche imefikia goti, mvua zikianza tunaipeleka mashambani, kwa hiyo siwezi kuondoka mwaka huu. Lakini wanapeleka wakulima watatu Karatu kuona mashamba ya kahawa ya huko, mwanzoni mwa Novemba, na mmoja wao ni Baltazar. Hakuomba, amechaguliwa na wenzake. Baada ya Karatu ana siku zake mwenyewe. Amesema atakuja Gehandu. Nimemfundisha Kiswahili ninachoweza, ila ulimi wake unakwenda kwake. Kiingereza anacho kidogo, Renatus atasaidia.

Na jambo moja nimekuwa nikilizunguka tangu mwaka jana, kama wewe ulivyozunguka lako. Nadhani nitakaa huku. Asubuhi nikitoka nje na ukungu uko kwenye kahawa, najisikia nimefika mahali. Halafu nasikia jogoo, nakumbuka uani kwetu, na naona ni kama nimewaibia. Sijui namna ya kulisema vizuri zaidi ya hapo.

Mpokee. Anaogopa sana, ingawa hataonyesha.

Judica


Gehandu
30 Novemba 2025

Judica mwanangu,

Marahaba. Sisi wote wazima, mvua za vuli zimeanza, na ng'ombe mwekundu amezaa tena, jike. Kaa chini, hii ni ndefu.

Kijana wako alishuka Katesh na begi moja na mfuko wa kahawa aliokaanga mama yake. Renatus alimleta. Alipofika mlangoni akaniinamia akasema "shikamoo" kwa sauti ya chini, vizuri kabisa, halafu akawaamkia shikamoo watoto wa jirani wote mmoja mmoja, mpaka wakaanza kujificha. Mama Renatus alicheka akashika ukuta.

Siku za kwanza tulikuwa tunaongea kwa vitu. Anashika meza anasema meza, na mimi nasema meza. Anaonyesha bendera ya shule, anasema karibu vilevile. Kumbe Wareno walituachia maneno yaleyale, kwao na kwetu, tukaona tunaelewana. Jumapili asubuhi akavaa shati jeupe, akaniambia anataka kwenda gereza. Mama Renatus akaacha sufuria. "Amefanya nini?" Kumbe kwao kanisa linaitwa hivyo, au karibu na hivyo. Alikwenda, akaimba bila kujua maneno, na padri wa mahubiri mafupi alimwomba arudie.

Siku ya tano akaniambia kupitia simu ya Renatus inayotafsiri kwamba anataka kuuona mlima na mimi. Nikasema aende na Renatus. Akasema hapana, na mimi. Gidamis alikuwapo, na wewe unamjua Gidamis, alikwenda zake, na alfajiri akarudi na punda wawili. Nilikasirika. Nikamwambia, "Mimi si gunia la mahindi." Gidamis akasema, "Gunia halisemi sana hivi." Kijana akauliza ninasema nini, Renatus akamweleza. Kisha akasema kwamba kwao babu yake alikwenda kwenye kila jambo kubwa juu ya farasi, na waliokuwa wakitembea kwa miguu ni wale waliotumwa chumvi. Nilijua ananibembeleza. Lakini alisema akiwa anatazama pembeni, kwa adabu, ili nisilazimike kumjibu. Nikapanda punda.

Judica, nilikuwa sijatoka kwenye boma langu mwaka mzima zaidi ya hospitali na kanisa. Tulipita kwa watu. Watu wakatoka kusalimu. Hakuna aliyecheka, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Mzee mmoja wa njia ya Jorodom niliyekuwa nikipita kwake na wageni akasema, "Tito, ulisafiri?" Nikasema ndiyo, nilisafiri. Punda walitufikisha pale msitu unapoanza. Zaidi ya hapo hawaendi. Nikakaa kwenye gogo, nikanusa ule unyevu wa msituni, na nikalia mbele za watu. Gidamis alijifanya anafunga kamba ya punda.

Hapo ndipo kijana alipopiga magoti. Alikuwa amekariri. "Mjomba, naomba Judica." Basi, maneno matatu. Nikamwambia aende kwanza juu na Renatus, wakirudi nitamjibu. Wakaenda.

Katika maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa napanda na wengine wakibaki. Nilikuwa sijui kinachofanyika chini. Unakaa. Unasikiliza ndege. Unawaza sasa wamefika kwenye mawe, sasa wako kwenye nyasi, sasa wamekaa wanakula. Gidamis alilala, mimi sikulala. Nilimwaza mama yako na ndoo yake, anatazama juu kuona kama kuna mtu. Nikakuwaza na wewe miaka hii miwili.

Jua lilipogeuka wakashuka. Renatus alikuwa hoi. Kijana alikaa karibu yangu, akavua viatu. Nikamuuliza, "Umeona nini?" Nilidhani atasema Balangida, wote wanasema Balangida. Alitafuta neno muda mrefu. Akasema, "Nyumbani mbali." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alikuwa amefika kileleni kwangu, na alikuwa amemtafuta mama yake kule.

Nikajua kwamba mtu huyu hatakushangaa siku utakayokaa uani kwake ukikumbuka jogoo wa Gehandu. Nikamshika kichwa nikamwambia ndiyo. Alilielewa hilo bila simu.

Sasa kuhusu kuiba. Hukuiba kitu. Mwezi wa sita ukipata likizo njooni wote, wewe na yeye na huyo Mama Angela. Kama anataka kuketi mkekani na watu wako, mkeka upo na watu tupo, na mashangazi waliobaki watasema wanachotaka. Nitawapokea nimesimama. Mguu nimeutoa nyuma ya mlango, unauma kama kiatu kipya, naujaribu asubuhi kabla Mama Renatus hajaamka.

Chumba chako tumempa Renatus na mke wake, wanatarajia mtoto. Nimeona nikwambie mapema usije ukashangaa. Mwanzo niliwakatalia, kwa sababu tangu uondoke nilikuwa nakusubiri urudi kukaa. Sasa nakusubiri uje kutembea. Si kitu kilekile, na sitasema ni kitu kilekile. Lakini nimekaa chini ya mlima kutwa nzima na nimeona kwamba naweza.

Mjomba wako,
Tito Akonaay